Bawa la Upande wa Wanaume

Fundi Methusela Mligo hajawahi kupanda ndege, na ukimuuliza kama angependa kupanda atakujibu kwamba miguu yake imezoea kukanyaga kitu. Hata hivyo ndiye aliyeyaunganisha mabawa ya ile ndege iliyokuwa kwenye ghala la Bwana Sanga hapa Makambako, na mimi nilikuwepo tangu kasha la kwanza lilipofunguliwa. Nayaandika haya kwa sababu watu wa mji huu wameshayasimulia kwa namna yao. Wapo wanaosema fundi alirogwa na wapo wanaosema alikuwa mlevi, na hao wote sikuwaona ghalani hata siku moja.

Mimi ni Mwalimu Tabea Kiswaga, mstaafu. Nilifundisha hesabu na Kiingereza shule ya msingi kwa miaka thelathini na minne, na waliopita mikononi mwangu watakwambia nilikuwa mkali. Ni kweli, na sijaomba radhi kwa mtu. Kwenye kwaya ya kanisa letu naimba sauti ya pili tangu sijaolewa.

Fundi Methusela kwao ni Mdandu. Useremala alijifunza huko Kidugala akiwa kijana, kisha akahamia Makambako na hajaondoka tena. Paa la kanisa letu ni kazi yake, viti tunavyokalia ni kazi yake, na wengi waliotutangulia wamezikwa ndani ya kazi yake. Ana miaka sitini na minane, mwembamba, mpole kupita kiasi, na kabla ya kukata ubao huugonga kwa kidole na kuinamisha kichwa kama anayesubiri kuitikiwa. Mkewe, Esnath, husema mumewe anazungumza na mbao kuliko anavyozungumza na yeye. Mtoto wao Stanley analima miti na mahindi huko Kifanya.

Bwana Nathanieli Sanga ni Mkinga wa Makete, mfanyabiashara wa viazi na mbao pale Njombe mjini. Alikuwa amechoshwa na barabara za kwao wakati wa mvua, akaamua atapita juu. Akaagiza ndege ya kujiundia. Kumbe zipo: kiwanda huko ng'ambo kinakata vipande vyote, kinavipanga kwenye makasha pamoja na kitabu, na wewe unaunganisha nyumbani. Mwanzoni makasha yalikaa Njombe, lakini ukungu wa kule ulianza kuvimbisha mbao, ndipo yakaletwa Makambako ambako upepo wetu hukausha kila kitu, hata midomo ya watu.

Kwa kuwa mabawa yalikuwa ya mbao na plaiwudi, Sanga alimtafuta seremala. Na kwa kuwa kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kurasa mia mbili na kumi, alinitafuta mimi. Kazi yetu ilikuwa kufikisha mabawa mahali ambapo mkaguzi wa ndege angeweza kuja kuyaangalia kabla hayajavishwa kitambaa. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kukaa nyumbani na kuku.

Kitu cha kwanza kukataa kilikuwa mkia. Kulikuwa na bamba la chuma lenye matundu manne, na ubao wenye matundu manne. Mawili yalikutana, mawili hayakukutana. Fundi alipima mara tatu, akanipa tepu nami nikapima, tukakuta milimita tatu kasoro. Nikaandika barua pepe kiwandani na kutuma picha. Wakajibu kwa adabu kwamba kosa ni lao, mashine ilitoboa vibaya, na wakaeleza jinsi ya kurekebisha. Fundi hakungoja nimalize kutafsiri. Alichonga vijiti vya mti mgumu, akavipaka gundi, akaziba yale matundu mawili, akaacha siku mbili, akatoboa upya. Ukipitisha kidole husikii palipoungwa.

"Kumbe na wao wanakosea," alisema, na siku ile alitembea ghalani akipiga mluzi.

Halafu kitabu chenyewe kilitukwamisha. Kilisema kwamba baadhi ya vipande vimeachwa vikubwa kidogo makusudi, na mjenzi avipunguze mpaka vikae. Havikutajwa vyote ni vipi. Nawauliza ninyi mnaosoma: ukiwa na kipande kisichoingia, utajuaje kama kimeachwa kikubwa kwa makusudi au kimekatwa vibaya kwa bahati mbaya? Mimi nimefundisha hesabu, na swali lisilo na jibu moja hunipandisha hasira. Nilikuwa nakifunga kitabu kile kwa kishindo mara mbili kwa siku.

Tulipoanza mabawa tukapata kero nyingine, ya kulia na kushoto. Fundi alikuwa akisimama upande wa pua, mimi nyuma kwenye meza ya kitabu, tunatazamana. Nikimwambia kulia anachukua kulia kwake. Nikimwambia kulia kwangu anasimama na kunyoosha mikono yote miwili akijiuliza. Siku moja tuligombana kabisa, watu wazima na mvi zetu, kulia ni kwa nani.

Yeye ndiye aliyepata dawa. "Mwalimu," alisema, "tufanye kama kanisani. Pua ya ndege ndiyo madhabahu. Wanaokaa ndani wanatazama mbele, kama sisi tunavyotazama. Basi bawa moja ni la upande wa wanaume na lingine la upande wa wanawake. Hapo mtu asimame popote, hapotei."

Nilimsifu kwa moyo wangu wote. Kanisani kwetu wazee bado wanakaa hivyo, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na hakuna anayehitaji kufikiri anapokwenda kukaa. Vipande vilikuwa kwenye mifuko midogo ya plastiki, kila mmoja umeandikwa kwa Kiingereza kama ni wa kulia au wa kushoto. Nikakaa mchana kutwa nikibandika karatasi juu ya kila mfuko: ME na KE, kama kwenye fomu za serikali. Mifuko arobaini na sita. Mwandiko wangu ni mzuri, na niliupenda nilipoutazama.

Tangu siku ile hakuna kilichokaa.

Kwenye shina la kila bawa, pale linapoungana na mwili wa ndege, kuna vibamba vya chuma vilivyopindwa kidogo. Fundi alichukua cha ME, akakiweka upande wa wanaume. Tundu likakataa, na pindo likainuka kwa nyuma. Tukafungua kitabu: punguza mpaka ikae. Akapiga tupa. Kile cha KE kikafanya vilevile. Akapiga tupa. Vikaja vigingi vya mbao vya kuegemeza mbavu za bawa, navyo vilikuwa virefu mahali pasipotakiwa na vifupi mahali palipotakiwa. Akapiga msasa, akaongeza vipande vyembamba vya plaiwudi kwa gundi, akapima, akafuta, akapima tena. Siku za mwanzo alikuwa anatania kwamba huko kiwandani labda siku ile walikuwa na msiba.

Niliandika tena kiwandani. Safari hii walijibu kwamba wamechukua vipande kama vyetu kwenye stoo yao na vyote vinakaa sawa. Wakatuomba tuhakikishe hatujabadilisha pande.

Nikamsomea. Akachukua mfuko, akatazama karatasi yangu, akatazama bawa, akatazama karatasi tena.

"ME," alisema. "Na hapa ni kwa wanaume. Au siyo, Mwalimu?"

"ME ni ME, Fundi," nilisema. "Soma kilichoandikwa."

Nilisema kwa sauti ile ya darasani, nakumbuka. Akaitikia ndiyo, kama mtoto, akaendelea kupiga tupa.

Kuanzia hapo alinyamaza. Nilidhani ni uchovu, mpaka siku moja tukiwa tunakunywa chai aliniambia habari za baba yake. Baba yake alikuwa mjenzi huko Mdandu. Uzee wake haukuanza kwa kusahau majina ya watu. Ulianza na mlango. Alifunga bawaba upande usio wake, mlango ukafungukia ukutani, na watu wakacheka, naye akacheka. Mwezi uliofuata akafanya vilevile kwa jirani. Baada ya mwaka mmoja hakumjua mkewe. Aliishi miaka saba zaidi, analishwa na kuogeshwa, na kila asubuhi anaomba nyundo.

"Kwetu kunaanzia kwenye pande," Methusela alisema. "Naona na mimi kumeanza."

Nilimwambia aache upuuzi. Lakini tangu hapo nikawa namchungulia, na ukishaanza kumchungulia mtu hukosi kitu. Aliuliza penseli ilipo na penseli iko sikioni. Mara aliniita kwa jina la dada yake. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza akifanya kazi, nikasogea nisikie, kumbe anajitahini vitabu vya manabii: Yona, Mika, Nahumu, Habakuki, kisha anakwama, anarudi Yona. Nilipofika nyumbani nikajaribu na mimi, nikakwama palepale. Sikujua kama hilo lilikuwa na maana yoyote. Je, mtu anayesahau penseli sikioni ni mgonjwa, au ni seremala tu? Nilibaki hivyo wiki mbili, leo naamini hili, kesho lile, na vyuma vinazidi kukataa.

Jumapili moja asubuhi Esnath alinijia nyumbani, amevaa nguo za kanisani, nami nimeshika joho langu la kwaya. Alisalimia kamwene, nikaitikia, akakaa.

"Mwalimu," alisema, "mume wangu amempigia Stanley simu mwenyewe. Amemwambia aje Jumanne amchukue, wakakae Kifanya. Vifaa vyake ameshavifunga kwenye gunia. Anasema afadhali aondoke wakati bado anajua anakokwenda."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nisemeje? Nyumbani namwona ni yuleyule. Lakini anasema mikono yake haimwambii ukweli. Mtu wa namna ile ukimkalisha kwenye mkeka asiguse mbao, hamalizi mwaka."

Akalia. Nikamwekea chai, na tulipotoka ibada ilikuwa imekwisha kuanza. Kwetu mwanakwaya aliyechelewa hapandi mbele kuwakata wenzake. Anakaa nyuma na kuona haya. Basi tukaingia kwa mlango mkubwa, mimi na Esnath, tukakaa benchi la mwisho.

Ninyi mnaokaa hapo kila Jumapili hamtanielewa. Kwaya yetu hukaa mbele, pembeni ya madhabahu, imewaelekea waumini. Miaka arobaini na kitu nimelitazama kanisa kutokea kule. Wanaume wako mkono wangu wa kushoto, wanawake mkono wangu wa kulia, ndivyo lilivyo kanisa kichwani mwangu. Sasa niko nyuma, natazama madhabahu kama watu wengine, nikamtafuta Methusela kwa macho. Nikamtafuta kushoto. Hakuwepo. Kushoto walikuwa wamekaa wanawake, vitambaa vitupu. Yeye alikuwa kulia, katikati ya wanaume wenzake, ameinamisha kichwa.

Niliona ile mifuko yote arobaini na sita, na mwandiko wangu mzuri. Kila palipoandikwa kushoto kwa Kiingereza nilikuwa nimebandika ME, kwa sababu kwangu mimi wanaume wako kushoto. Kila palipoandikwa kulia nilibandika KE. Fundi, akitazama madhabahu kama Mkristo wa kawaida, alikuwa anavipeleka ME kulia. Wiki tano alikuwa anapiga tupa vyuma vizima ili viingie mahali pasipo pao, na mimi namwambia asome kilichoandikwa. Mahubiri ya siku ile sikusikia hata neno.

Jumatatu nilifika ghalani kabla yake. Alikuja mikono mitupu, bila vifaa, amekuja kuaga.

"Kamwene, Fundi. Kaa hapo kwenye kasha."

"Nimekuja tu kukwambia, Mwalimu, kwamba kesho—"

"Najua ya kesho. Nisikilize kwanza. Kosa ni langu."

Nikamweleza. Nilimweleza kama ninavyoeleza hesabu, hatua kwa hatua, nikasimama alipo yeye, nikasimama ilipo kwaya.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Akanyanyuka, akachukua kibamba kipya, kimoja kati ya vichache ambavyo tupa ilikuwa haijavigusa, chenye karatasi ya ME. Akakipeleka upande wa wanawake. Kikaingia. Bolti ikapita matundu yote mawili kwa kusukumwa na kidole tu.

Akaichomoa bolti, akairudisha tena.

"Kwa hiyo mikono yangu ilikuwa inasema kweli," alisema.

"Ilikuwa inasema kweli. Mwongo nilikuwa mimi."

Akarudi kukaa kwenye kasha, akacheka, halafu akalia waziwazi bila kujificha, na mimi nikaenda mlangoni nikatazama malori ya barabara ya Njombe mpaka akamaliza. Nilikuwa na aibu na furaha kwa pamoja. Kisha akampigia Stanley.

"Usije," alimwambia. "Sina ugonjwa. Ni Mwalimu alichanganya wanaume na wanawake. Hapana, siyo hivyo. Nitakueleza siku nyingine."

Akaenda nyumbani na kurudi na gunia la vifaa. Tulibandua karatasi zote. Vile vyuma vilivyopigwa tupa tuliviweka kando kwenye ndoo, kwa sababu chuma kilichokatwa hakirudi, na mtu haendi angani na chuma cha namna hiyo. Nilimpigia Sanga mwenyewe nikamwambia la kuagiza upya na sababu yake. Akauliza kama kiwandani kwao nako kuna kwaya. Nadhani hilo lilikuwa tusi, lakini nilistahili.

Mchana kutwa tulifanya kazi vizuri ajabu. Vigingi vilivyobaki vizima viliingia. Mbavu zilisimama mstari. Fundi alikuwa akigonga kila kimoja kwa kidole na kusikiliza, na mluzi ukarudi. Alikuwa ametengeneza pia vigingi viwili yeye mwenyewe, kwa mti wa hapa, kuziba mahali ambapo kiwanda kilikuwa kimekata vifupi kweli. Vilikuwa vizuri kuliko vya kwao. Cha kwanza kikakaa.

Cha pili hakikukaa.

Akakitoa, akakigeuza, akakirudisha. Kilikuwa kimechongwa kwa mlalo wa upande wa pili kabisa. Akakileta mezani kwenye mwanga na tukakiinamia wote wawili. Hakikuwa na karatasi yangu wala hakijawahi kuwa nayo, maana hakikutoka kwenye mfuko wowote. Juu yake kulikuwa na penseli, na mwandiko ni wa Methusela, zile herufi zake kubwa zinazoegemea nyuma. Aliandika KULIA. Hakuandika ME wala KE. Na alikuwa amekichonga cha kushoto.

Nilitafuta sababu haraka. Labda alikichonga siku zile nilipokuwa nimemvuruga. Labda. Seremala yeyote huchonga kipande kimoja vibaya kwa mwaka, na hakuna anayekwenda hospitali. Labda pia ulikuwa ni ule mlango wa Mdandu. Nilimtazama usoni na sikuweza kusoma chochote, na mpaka leo sijui.

"Mwalimu," aliuliza bila kuinua kichwa, "na hiki nacho ulikosea wewe?"

"Ndiyo," nilisema. "Hicho nacho ni mimi."

Alichukua kipande cha msasa, akaanza kusugua juu ya kigingi, taratibu, kwa mviringo, mpaka neno lile likafifia, na ubao ukawa mweupe.

"Basi siku nyingine uandike vizuri," alisema.

"Nitaandika vizuri, Fundi."